Shetani wa Mti Laini

Simama Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, uhesabu malori ya mbao mpaka uchoke. Paini ya Njombe inashuka Dar es Salaam kuwa kenchi, vitanda na milango. Sijasikia iliyoshuka ikawa kinyago cha shetani.

George Lilanga angeweza kuifanya hivyo. Mmakonde huyu, aliyezaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, alikulia kwenye mila ya kuchonga mpingo, mti mgumu unaong'arishwa ukabaki na weusi wake. Alipohamia Dar es Salaam, mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi Nyumba ya Sanaa, kituo alichokianzisha Sista Jean Pruitt mwaka 1972. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi. Lakini mlinzi alikuwa na patasi, na haukupita muda mrefu kabla wenyeji wake hawajagundua kwamba wamemweka getini mtu wa kukaa ndani.

Mashetani ya Kimakonde yalikuwepo kabla yake. Mtindo huo unahusishwa zaidi na mchongaji Samaki Likankoa. Lilanga aliyachukua akayapaka rangi. Alichonga miti laini na kuisiriba nyekundu, manjano na buluu za kupiga kelele, kisha akayahamishia mashetani yale yale kwenye michoro: masikio mapana, midomo iliyoning'inia, matumbo mbele, vidole vichache. Hayatishi mtu. Yanacheza ngoma, yanasengenya, yanakwenda hospitali kama sisi.

Hapo ndipo kijana wa Njombe anayetaka kuchonga anaponihusu. Mpingo hauoti kwenye baridi ya kwao, na nimewasikia wanaosema kwamba bila mpingo hakuna uchongaji wa maana. Lilanga alishawajibu kwa brashi.

Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington. Mwaka 2004 zilikuwemo katika maonesho makubwa ya Africa Remix, yaliyoanzia Düsseldorf, Ujerumani. Wakati huo kisukari kilikuwa kimemtesa hadi kukatwa miguu. Alifariki mwaka 2005.

Karakana yake ilikuwa na vijana waliomsaidia kujaza rangi, na wapo wakusanyaji wanaonuna kwa hilo. Mimi sinuni. Mwashi ana saidia fundi wake, na hakuna anayeuliza kila tofali limewekwa na nani. Mjukuu wake Hendrick alijifunza uchoraji kwake, akaanza kutia sahihi yake mwenyewe.