Nguvu ya Maji Mbele ya Moto

Huko Gisozi, jijini Kigali, lipo soko la maseremala liitwalo Gakiriro, nalo limekwisha kuungua zaidi ya mara moja. Mbao na vanishi huwaka upesi, na waitwao kuzima ni polisi. Tumeona ni vema ndugu askari waijue silaha yao hiyo, maji, kwa hesabu.

Joto mahsusi ni kiasi cha joto kinachopandisha kilo 1 ya kitu kwa nyuzi 1 ya sentigredi. Kwa maji ni kilojouli 4.2. Chuma je? Tutie gramu 300 za chuma katika maji yanayotokota, ambayo kwa mwinuko wa Kigali ni nyuzi 95 hivi, kisha tuzitumbukize katika gramu 200 za maji ya nyuzi 20. Tuseme vyote vimetulia kwenye nyuzi 30. Maji yamepokea 0.2 × 4.2 × 10, yaani kilojouli 8.4. Chuma kimeshuka nyuzi 65, tukigawa 8.4 kwa 0.3 × 65 twapata 0.43. Vitabu husema 0.45: tofauti imeibwa na kikombe na hewa.

Basi kilo 1 ya maji, kutoka nyuzi 20 hadi 95, huunyang'anya moto kilojouli 315. Yakigeuka mvuke, huchukua nyingine 2,260 hivi. Kwa hiyo maji yanayokimbilia mtaroni yangali vuguvugu hayajafanya hata sehemu ya saba ya kazi yake.