KUJITENGENEZEA KARTE YA SIRKITI: TOKA KU KARATASI MPAKA KU SHABA



Ukifungua radio yoyote, ao sharjeri ya simu, utaona ndani kibao kidogo chenye njia za shaba. Tunakiita karte. Wengi wanaamini kama kitu ile inatoka tu ku fabrike ya mbali, na mutu wa hapa kazi yake ni kuuza na kutupa ikiharibika. Si kweli. Karte nyepesi inaweza kutengenezwa ku nyumba, na pasi, karatasi na uvumilivu. Katika nimero hii nataka kueleza gisi gani, na zaidi sana kueleza sababu ya kila hatua, maana mwenye kushika hatua bila sababu anapotea mara moja.

1. Karte ni kitu gani

Ni kibao cha fibre, unene wake kwa kawaida milimetre 1,6. Juu yake wamebandika ngozi ya shaba nyembamba sana, mikroni 35. Sisi hatuongezi shaba. Tunafunika fasi tunayotaka ibaki, kisha dawa inakula ile isiyofunikwa. Inayobaki njo nyaya zetu.

Fikra hii ni ya watu wa kuchapa. Paul Eisler, muinjinieri aliyezaliwa Vienna, alikuwa London katika miaka ya 1930, na huko alitengeneza radio yenye sirkiti ya kuchapwa. Mwaka 1943 aliomba brevet. Mbele ya hapo, mafundi waliunganisha waya moja moja na mkono.

Na shaba yenyewe? Tanuru ya Lubumbashi iliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, na toka 1971 mpaka 1997 jimbo lenyewe lilibeba jina la Shaba. Tunaichimba, inaenda, inarudi kwetu ndani ya vibao, na tunailipa. Basi tujue hata kidogo kazi yake.

2. Mfano wetu: karte ya kusharji simu

Tuchukue mfano wenye faida ku interna: kutoa volti 5 ku batri ya volti 12 ya panneau solaire. Tunahitaji regulateri 7805 yenye miguu mitatu (kuingia, masse, kutoka), kondensateri ya mikrofaradi 0,33 upande wa kuingia, ingine ya 0,1 upande wa kutoka, fusible ya ampere 1 ku waya wa + wa batri, na priz ya USB. Nyaya mbili za katikati za priz ziunganishwe pamoja; bila vile simu zingine zinakataa kusharji.

Tufanye hesabu. Simu ikichukua ampere 0,5, inapata wati 2,5. Lakini batri inatoa 12 × 0,5, maana yake wati 6. Wati 3,5 zinazobaki zinageuka moto mu regulateri. Njo maana ku kibao tuache fasi ya kipande cha aluminium cha kupoza. Mwenye kusahau hesabu hii, kidole chake kitamukumbusha.

3. Kuchora

Chora kwanza skema, halafu njia za shaba. Njia za umeme mwingi zipewe upana wa milimetre 2. Zingine zisipite chini ya 0,5, maana nyembamba zaidi zinakatika mu dawa. Njia mbili zisipandane. Miguu ya 7805 inaachana milimetre 2,54.

Wenye kompyuta watumie KiCad. Ni programu ya bure, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu ku IUT ya Grenoble, Ufaransa. Ikisha kuingizwa mu mashini, inatumika hata bila intaneti. Asiye na kompyuta achore na kalamu nyeusi juu ya karatasi yenye miraba. Hiyo pia ni kazi ya kweli.

4. Kugeuza ao kutogeuza

Hapa njo fasi wengi wanaangukia. Tazama muhuri wa ofisi ya direction: herufi zake zimegeuka, lakini ukiupiga ku karatasi zinasomeka vizuri. Karatasi yetu ni sawa vile muhuri: tutailaza kifudifudi juu ya shaba, na picha itageuka mara moja.

Tukichora, tunaangalia kibao toka juu, upande wa vyombo, na njia za chini tunaziona kama kibao kingekuwa kioo. Basi picha ile tuichape vile iko, tusiigeuze. Ikilala ku shaba, itajigeuza yenyewe na kuwa sawasawa. Lakini mwenye kuchora moja kwa moja juu ya shaba na feutre, yeye lazima ageuze.

Kwa kuhakikisha, weka herufi R upande wa shaba. Ku karatasi iwe kinyume. Ku shaba isomeke. Ukiona R inasomeka vizuri ku karatasi, simama. Karte iliyogeuka itapeleka batri ku mguu wa kutokea wa 7805: regulateri yaweza kuungua, na simu yaweza kupokea volti zisizo zake.

5. Kuchapa na kupiga pasi

Mashini iwe ya lazeri, ao ya fotokopi. Poda yake nyeusi ni plastiki yenye kuyeyuka na moto. Wino wa maji hausaidii kitu. Karatasi iwe ya kungaa, nyepesi, kama ya majarida. Uliza kwanza mwenye mashini, usije ukamuharibia. Chapa nyeusi kabisa, ukubwa 100 kwa 100. Weka regulateri juu ya karatasi: miguu isipoangukia ndani ya madoa, ukubwa umebadilika, rudia.

Sugua shaba na paille de fer mpaka ingae, usiiguse tena na vidole. Laza karatasi, piga pasi ya moto bila maji dakika 3 mpaka 5, ukikandamiza pembe zote. Tia mu maji dakika 10, toa karatasi polepole na kidole gumba. Fasi iliyokatika, jaza na feutre isiyofutika.

6. Dawa

Ni perkloriri ya chuma. Wa seksio ya kemia waandike: 2 FeCl3 + Cu → 2 FeCl2 + CuCl2. Ikiwa na uvuguvugu, kama digri 40, inamaliza kazi karibu dakika 10 mpaka 20. Tikisa chombo polepole. Chombo kiwe cha plastiki, kamwe si sufuria, maana dawa inakula aluminium kwa nguvu. Fanyeni inje, na gant na miwani. Shati nyeupe ya masomo ikipata doa, haitarudi nyeupe.

Na neno hili mulishike kuliko yote: dawa iliyotumika imejaa shaba, ni sumu kwa samaki na kwa watu. Isimwagwe mu kijito wala karibu ya source. Ichungwe mu bidoni ya plastiki yenye kuandikwa SUMU, mbali na watoto. Inaweza kutumika mara nyingi. Ikichoka, ipewe mwalimu wa kemia. Watu wa chini ya kilima wanakunywa maji yale yanayopita kwetu. Karte moja haina bei ya tumbo la mutoto mumoja.

7. Kumaliza

Osha, toa poda na asetoni, toboa na fore ya milimetre 0,8 ao 1, halafu lehemu (kusude, vile tunavyosema). Mbele ya kuweka simu, pima na voltmetre: kati ya 4,8 na 5,2 ni vizuri. Nje ya hapo, toa waya na utafute kosa. Usijaribu na simu ya mwenzako.

Atakayemaliza karte yake aichunge pamoja na mchoro, ili wa mwaka wa tano waweze kuirudilia sisi tukiisha kutoka. Kibao bila mchoro kinakufa na mwenyewe. Mchoro unabaki mu masomo.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa sita