Kunawa Mikono Nyumbani



Katika nyumba zetu za Kikristo yako mazoea mema ambayo hayataki fedha nyingi wala elimu kubwa, nayo hulinda uhai wa watu wengi. Mwezi huu twataka kusema juu ya moja tu, nalo ni kunawa mikono. Labda mtu atacheka, akisema, "Jambo hili hata mtoto alijua." Ni kweli, alijua, walakini kujua ni mbali, na kutenda ni mbali.

Wengine wana neno jingine. Wakumbuka ya kuwa Mafarisayo walimlaumu Bwana wetu kwa sababu wanafunzi wake walikula bila kunawa, naye akawaonyesha ya kuwa unajisi wa mtu hutoka moyoni mwake. Basi husema, "Sisi si Mafarisayo. Tukiomba kabla ya kula, yatosha." Hapo yafaa tufikiri vema. Bwana alikuwa akifundisha habari ya dhambi, wala si habari ya maradhi. Mikono michafu haimfanyi mtu kuwa mwovu mbele za Mungu, lakini yaweza kumwua mtoto mchanga. Anawaye ili asifiwe na watu, huyo ndiye mfano wa Mfarisayo. Bali anawaye ili mwenzake asiugue, huyo ampenda jirani yake.

Sikilizeni habari ya mambo yaliyotokea katika mji wa Vienna, nchi ya Austria. Huko palikuwa na hospitali kubwa yenye nyumba mbili za kuzalishia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Nyumba ya pili ilikuwa ya wakunga. Mwaka 1846, katika nyumba ya madaktari, walikufa kina mama kama 11 katika kila 100, wengi wao kwa homa ya uzazi. Na katika nyumba ya wakunga hawakufa hata 3 katika kila 100. Wanawake wa mji walizijua habari hizi, hata wengine walilia na kusihi wasipelekwe kwa madaktari.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, mtu wa Hungaria, alihuzunika sana, akatafuta sababu. Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alijeruhiwa kwa kisu katika kupasua maiti, akaugua, akafa. Semmelweis alipoona ya kuwa ugonjwa wake ulifanana na ule wa kina mama, akafahamu. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kuzipasua maiti, kisha wakaenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi. Wakunga hawakuifanya kazi ile ya maiti. Basi mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa 2 tu katika kila 100.

Je, wenziwe walifurahi? Wachache walimsadiki, bali wengi walimpinga. Sababu zao zilikuwa nyingi, na mojawapo ilikuwa hii: kumsadiki kulikuwa kukiri ya kuwa mikono yao wenyewe, mikono ya wenye elimu na heshima, ndiyo iliyowaletea wagonjwa kifo. Neno hilo ni chungu. Semmelweis akafa mwaka 1865, mwenye miaka 47, na mafundisho yake yalikuwa hayajakubaliwa bado. Baadaye kazi za Louis Pasteur wa Ufaransa na Joseph Lister wa Uingereza zilionyesha wazi ya kuwa viini vidogo visivyoonekana kwa macho huleta maradhi, na ulimwengu ukaona ya kuwa yule kijana alisema kweli.

Nasi tuna uchungu ule ule nyumbani. Mama ampendaye mtoto wake, baba amkatiaye mwanawe kipande cha nyama, bibi amlishaye mjukuu uji kwa kidole: nani atapenda kuambiwa ya kuwa mkono wake umebeba ugonjwa? Lakini upendo hauui viini. Viini vya kuhara na vya kipindupindu hutoka katika choo cha mtu, hukaa mikononi, huingia katika chakula na maji, kisha hushuka tumboni mwa mwingine. Wataalamu wamepima, wakaona ya kuwa watu wakizoea kunawa kwa sabuni, ugonjwa wa kuhara hupungua karibu theluthi moja.

Mbona sabuni? Kwa sababu ngozi yetu ina mafuta, na uchafu pamoja na viini hushikamana nayo. Maji peke yake hupita juu. Sabuni huyalegeza mafuta yale, na maji huyachukua. Kwa hiyo sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda usiopungua sekunde 20, kisha suuza kwa maji yatiririkayo. Acha mikono ikauke kwa hewa au kwa kitambaa safi. Usiipanguse kwa kanga uliyoshinda nayo shambani.

Tena tuyaangalie mazoea ya bakuli moja. Mahali pengi bakuli la maji huzungushwa, wa kwanza akatia mikono, na wa pili, hata wa mwisho akanawa katika uchafu wa wote. Afadhali desturi ya birika: kijana asimame, amimine maji juu ya mikono ya wakubwa na wageni, na beseni likae chini kuyapokea. Hii ni heshima ya zamani. Hata Elisha alijulikana kuwa ndiye aliyemimina maji juu ya mikono ya Eliya.

Nyakati za kunawa ni hizi: kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha au kumnyonyesha mtoto, baada ya kutoka chooni, na baada ya kumsafisha mtoto. Wengi husahau hii ya mwisho, wakidhani choo cha mtoto si kitu; kumbe nacho chaambukiza.

Nanyi waalimu, tundikeni kibuyu au dumu lenye tundu karibu na choo cha shule, pamoja na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba. Fungeni kijiti chini, mtoto akikanyage kwa mguu, maji yachirizike bila yeye kulishika dumu. Wala msiwaamuru watoto tu. Naweni mbele yao.

Baba wa nyumba naye aanze leo. Kabla ya kuinamisha kichwa kushukuru kwa chakula, na atake maji na sabuni, anawe kwanza yeye, ndipo wote wafuate.