Mahali pa Kusimama: Mpangilio na Uchoraji wa Umbali katika Picha za Katanga

1. Utangulizi

Kila mtu achoraye juu ya kitu bapa, kiwe karatasi, turubai au kioo cha kompyuta, hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni hili: vitu viwekwe wapi? La pili ni hili: mtazamaji asimame wapi? Elimu ya swali la kwanza ni mpangilio. Elimu ya swali la pili ni uchoraji wa umbali, ambao walimu wengine huuita perspektivu.

Makala haya yana lengo la kueleza elimu hizo mbili kwa mifano ya Katanga, hasa mji wa Likasi, ulio kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, na ambao uliitwa Jadotville kuanzia mwaka 1931 hadi 1966. Hoja kuu ni kwamba uchoraji wa umbali si kipimo cha kutenganisha anayejua kuchora na asiyejua. Ni uamuzi juu ya mahali pa kusimama. Lakini uamuzi hauwi uamuzi kwa mtu asiyejua njia zilizopo. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kuijifunza kanuni hiyo kikamilifu, hata kama baadaye ataiacha.

2. Kanuni ya umbali

Reli iliyofika Lubumbashi mwaka 1910 na kuendelezwa hadi Kambove mwaka 1913 hupita pia Likasi. Nafasi kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,067, nayo haipungui wala haiongezeki. Hata hivyo, mtu akitazama kule reli inakoelekea, huviona vyuma hivyo vikikaribiana hadi kukutana. Mahali hapo huweza kuitwa nukta ya mkutano. Nukta hiyo hukaa juu ya mstari wa upeo wa macho.

Jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosa ni kwamba upeo wa macho haukai mahali pamoja. Huwa daima katika kimo cha macho ya mtazamaji. Akichutama, upeo hushuka pamoja naye. Akipanda moja ya vilima vinavyouzunguka mji, upeo hupanda na ardhi nyingi zaidi huonekana chini yake. Hivyo, mchoraji akishaweka mstari huo katika karatasi, amekwisha kusema mtazamaji yuko wapi: ardhini kama mtoto, barabarani kama mpita njia, au juu kama msimamizi anayekagua kazi za watu.

Kutokana na kanuni hiyo hupatikana nyingine iliyo rahisi kukumbuka. Mahali palipo tambarare, watu wote walio na kimo sawa na mtazamaji huwa na vichwa katika mstari wa upeo, wawe karibu au mbali. Kinachobadilika ni mahali pa miguu: ya aliye karibu hushuka chini ya picha, ya aliye mbali hupanda. Mwanafunzi asiyejua hilo huwachora watu wa mbali wakiwa wadogo, kisha akawaweka juu kupita kiasi, nao huonekana kama wanaoelea hewani.

Ama kuhusu ukubwa, hesabu yake si ngumu. Nguzo ya umeme iliyo mita 20 kutoka kwa mtazamaji huonekana nusu ya kimo cha nguzo kama hiyo iliyo mita 10. Iliyo mita 40 huonekana robo. Nafasi kati ya nguzo moja na nyingine nazo hupungua, tena kwa kasi zaidi. Kosa la kawaida ni kupunguza kimo cha nguzo huku nafasi zikiachwa sawa. Jicho hulitambua kosa hilo mara moja, hata kama mwenye jicho hawezi kulieleza.

Rangi pia hupima umbali. Wakati wa kiangazi, vumbi na moshi vinapotanda, kilima cha karibu huonyesha miti yake mmoja mmoja, cha pili hubaki umbo tupu, na cha tatu hufifia hadi kukaribia rangi ya mbingu. Mchoraji atumiaye rangi kali ile ile mbele na nyuma huifuta kazi nzuri iliyofanywa na mistari yake.

Zoezi moja hutosha kuanzia. Mwanafunzi hukata dirisha dogo katika kadibodi, hulishika mbele ya jicho moja huku akilifumba la pili, kisha huandika katika karatasi ni wapi ukingo wa paa unakata ukingo wa dirisha, na kwa mwelekeo gani. Haulizwi anajua nini kuhusu nyumba. Anaulizwa anaona nini. Ugumu wote wa somo hili umo katika tofauti kati ya maswali hayo mawili, kwani akili inajua kwamba vyuma vya reli havikutani.

Kanuni hii ina historia yake. Ilidhihirishwa na Filippo Brunelleschi huko Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akaiandikia maelezo mwaka 1435. Yafaa kuzingatia sharti lake: inadai jicho moja, lililotulia mahali pamoja, kwa muda mmoja. Anayetaka kuonyesha kile ambacho jicho moja haliwezi kukiona kwa wakati mmoja hana budi kutafuta njia nyingine.

3. Mpangilio

Mpangilio ni namna ya kuliongoza jicho: liingie wapi katika picha, lipite wapi, litulie wapi. Vyombo vyake ni vichache. Kuna mizani: kitu kikubwa upande mmoja huweza kusawazishwa na kitu kidogo chenye rangi kali upande wa pili. Kuna mistari inayoongoza, kama barabara, ua au mkono ulionyooshwa. Kuna nafasi tupu, ambayo si upungufu, bali ni pumzi ya picha. Kuna desturi ya kuigawa picha mafungu matatu na kuweka jambo kuu penye mgawanyo badala ya katikati.

Vyombo hivyo havifungamani na perspektivu. Picha isiyo na umbali wowote yaweza kuwa na mpangilio madhubuti. Na picha yenye umbali sahihi kabisa yaweza kukosa mpangilio, hata jicho likapotea ndani yake. Katanga ina ushahidi wa kutosha juu ya jambo la kwanza.

4. Umbali ulioachwa: wachoraji wa Hangar

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha huko Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Hakutaka kuwafundisha wachoraji wake kanuni za Ulaya. Aliwapa vifaa, akawahimiza wayatazame mazingira yao na kuzifuata kumbukumbu zao. Watatu kati yao walipata sifa kubwa: Bela Sara, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga.

Katika picha zao hakuna nukta ya mkutano, na mara nyingi hakuna upeo wa macho. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili aliwatawanya ndege, samaki na nyoka katika uwanja uliojazwa nukta na alama ndogo ndogo. Mwenze aliifunika picha nzima kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, ikibadili mwelekeo kila inapokutana na umbo la mtu au mnyama. Uwanja wenyewe hutikisika, wala hapana sehemu inayoweza kuitwa nyuma. Mtazamaji hasimami mbele ya mandhari, anazingirwa nayo. Huo ni mpangilio, tena mgumu, kwa sababu mchoraji asiyetumia umbali hawezi kuyaficha makosa yake kwa kuyasogeza mbali.

Hata hivyo, hapana budi kuuliza ni nani aliyeamua. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens alifungua mjini humo chuo cha sanaa kilichofuata utaratibu wa kishule, na baada ya kifo cha Romain-Desfossés mwaka 1954 wachoraji wa Hangar walihamia huko. Kwa hiyo katika mji mmoja, ndani ya miaka michache, kulikuwa na mwalimu aliyezizuia kanuni za Ulaya ili asiharibu kipaji cha Mwafrika, na shule iliyokuwa na kanuni zake za kufundisha. Misimamo hiyo yaonekana kupingana, lakini inafanana katika jambo moja: katika yote miwili, mwalimu alimchagulia mwanafunzi mahali pa kusimama. Kumnyima mtu elimu kwa kumpenda ni kumnyima vilevile.

5. Umbali uliovunjwa: picha za ukumbusho

Katika miaka ya 1960 na 1970 ulistawi katika miji ya madini uchoraji mwingine, wa watu waliouza picha zao majumbani na mitaani, wengi wakichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, walioyachunguza mambo hayo na kuyaandikia mwaka 1976, walionyesha kwamba neno muhimu kwa wachoraji na wanunuzi lilikuwa ukumbusho. Picha ilipimwa kwa uwezo wake wa kukumbusha na kuamsha mawazo, si kwa kufanana kwake na kile jicho linachokiona.

Mfano mmojawapo ni aina ya picha iitwayo Colonie belge. Katika nyingi ya picha hizo mfungwa amelala chini akipigwa, askari Mwafrika ameinua mjeledi, mkubwa wa Kibelgiji amesimama kando akitazama, na bendera imepandishwa juu ya mlingoti. Mlingoti uliosimama wima na mwili uliolazwa hufanya msalaba wa mistari ambao jicho haliwezi kuukwepa. Mzungu hafanyi kitu, anasimama tu. Mpangilio ndio unaosema kwamba amri inatoka kwake, ingawa mkono unaopiga si wake.

Aliyeipeleka mbali zaidi kazi hiyo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Kati ya 1973 na 1974 alichora picha zipatazo mia moja zinazosimulia historia ya nchi yake, na Fabian akazichapisha pamoja na masimulizi ya mchoraji katika kitabu cha mwaka 1996. Tshibumba aliweza kuchora barabara inayokwenda mbali. Lakini katika kazi za namna hii ukubwa wa mtu hufuata uzito wake katika habari, na maandishi huingia ndani ya picha kueleza jambo lisilochoreka. Mwanahistoria hasimami mahali pamoja kwa muda mmoja. Anasimama katika miaka mingi kwa pamoja. Jicho tulivu la Florence lisingemtosha.

6. Umbali uliounganishwa: kompyuta na Likasi

Uchoraji wa kompyuta umeirudisha mada hii kwa sura mpya. Programu zisizolipiwa kama GIMP na Krita humwezesha mwanafunzi kufanya kazi kwa matabaka: mbingu katika tabaka moja, majengo katika jingine, watu katika la tatu, na kila moja huweza kusogezwa peke yake. Krita ina hata vielekezi vya kumsaidia mtu kuvuta mistari kuelekea nukta ya mkutano. Msaada huo ni mkubwa, lakini una hatari yake. Programu huvuta mstari ulionyooka. Haimwambii mchoraji upeo wa macho uwe wapi. Anayebandika picha ya mtu iliyopigwa kutoka chini juu ya barabara iliyopigwa kutoka juu atapata mtu asiyekanyaga ardhi, hata akiufuta mpaka wa kiungo kwa ustadi wote. Kanuni ya vichwa na miguu iliyotajwa hapo juu ndiyo inayomwokoa.

Mfano bora wa kujifunzia umetoka Katanga. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alitengeneza mwaka 2005 kazi iitwayo Vues de Likasi, ambamo picha za majengo ya mji huo zimeunganishwa kuwa utepe mrefu. Picha moja ya barabara ingevuta kila kitu kwenye nukta moja, na nyumba za mwisho zingepotea. Katika utepe, mtazamaji hana budi kutembea, na kila jengo hupata zamu yake ya kuwa mbele.

Katika mfululizo wa Mémoire wa mwaka 2006, Baloji aliwakata wafanyakazi na wakubwa wa enzi ya ukoloni kutoka picha za kumbukumbu, akawasimamisha katika mandhari ya sasa ya mitambo iliyochakaa. Watu wamebaki katika rangi nyeusi na nyeupe. Magofu yana rangi zake. Angeweza kuificha tofauti hiyo, lakini ameiacha, kwa sababu ndiyo habari yenyewe: waliojenga na kilichojengwa hawamo tena katika wakati mmoja. Mwaka 2008 Baloji alishiriki kuanzisha huko Lubumbashi chama cha wasanii kinachoitwa kwa neno la Kiswahili, Picha.

7. Hitimisho

Kiswahili kina maneno ya kutosha kulifundishia somo hili: upeo wa macho, kimo, kina, mbele, nyuma, kufifia, mizani. Kina pia neno mtazamo, ambalo kwa pamoja ni namna ya kuona na namna ya kufikiri. Wachoraji waliotajwa hapa wanathibitisha kwamba maana hizo mbili haziachani.

Kwa hiyo mwalimu wa Likasi anayesahihisha mchoro wa barabara afanye mambo mawili. Kwanza, ahakikishe kwamba mwanafunzi aweza kuuweka upeo, kuipata nukta ya mkutano na kuzipunguza nguzo kwa hesabu yake. Pili, amwulize kwa nini amemsimamisha mtazamaji pale alipomsimamisha. Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali la pili bila kuogopa la kwanza yuko huru kuchora kama Alberti, kama Pilipili, kama Tshibumba, au kwa namna ambayo Katanga bado haijaiona.