Kidonge Hakioteshi Mishipa ya Damu

Swali lisilokoma miongoni mwa wagonjwa wa kisukari na jamaa zao, hata baada ya kujibiwa mara nyingi, ni kama vidonge au unga wa "seli shina" vinaweza kuotesha upya mishipa ya damu katika mguu uliokosa oksijeni na kuunusuru usikatwe. Jibu ni hapana.

Seli shina, yaani seli ambayo haijajitenga kwa kazi maalumu na inayoweza kuzaa seli za aina nyingine, haifanyi kazi yoyote isipokuwa iwe hai. Ikishakaushwa, ikasagwa na kutiwa koponi, imekufa kabla mgonjwa hajaigusa, na mabaki yake humeng'enywa tumboni kama protini ya maharage. Baadhi ya makopo hayo hueleza waziwazi kwamba kilichomo kimetokana na tufaha, na seli ya tufaha, hata ingekuwa hai, haiwezi kujenga ateri ya binadamu. Ushuhuda wa jirani aliyepona kidonda hauthibitishi chochote, kwa kuwa mara nyingi jirani huyo alikuwa pia akisafishwa kidonda, akimeza antibiotiki na kudungwa insulini, lakini sifa zote zikaenda kwa muuza kopo.

Hata seli hai zimewanyenyekeza wataalamu. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walitangaza kwamba walivuta uboho katika mfupa wa nyonga, wakatenga seli zake na kuzidunga mahali takriban 40 katika msuli wa shavu la mguu, na maumivu yakapungua. Inadhaniwa kwamba seli hizo hutoa protini zinazochochea mishipa iliyopo kuchipua, zaidi ya kugeuka zenyewe kuwa mishipa. Hata hivyo, jaribio la Uholanzi liitwalo JUVENTAS, lililochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha wagonjwa 160, liliingiza seli za uboho katika ateri ya paja na kuzilinganisha na kimiminika kisicho na seli hizo: baada ya miezi 6, waliokatwa mguu walikuwa asilimia 19 kwa waliopewa seli na asilimia 13 kwa wasiopewa, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Vishipa vichanga, hata vikichipua, havichukui kwa urahisi nafasi ya ateri kubwa iliyoziba.

Yanayosaidia yanajulikana: kuacha sigara kabisa, kudhibiti sukari na shinikizo la damu, kutumia aspirini na statini kwa maelekezo ya daktari, kupimwa mapigo na shinikizo la damu la kifundo na la kidole cha mguu, na, inapowezekana, kuzibuliwa ateri kwa puto au kuunganishiwa mshipa wa kupitisha damu kando ya palipoziba. Mguu unaouma usiku au wenye kidonda kisichofunga ufikishwe hospitalini mara moja, na fedha za kopo zilipe nauli, kabla kidole hakijawa cheusi.