Kivuli cha Mtoto Wetu

Mwamkumbuka Yona, jinsi alivyoketi nje ya mji wa Ninawi, Mungu akamwoteshea mmea wa kumpa kivuli. Mmea ulipokauka, jua lilimpiga kichwani hata akazimia na kutamani kufa. Kisa hicho tumekisoma mara nyingi tukiwaza juu ya hasira ya Yona. Leo twataka kuwaza juu ya kile kivuli.

Siku moja ya Julai tulifanya ibada ya nje huko Kibera. Mawingu yalikuwa yametanda, kila mtu amevaa sweta. Watoto wa Shule ya Jumapili tuliwaketisha uwanjani tangu saa nne hadi saa saba, na miongoni mwao alikuwamo msichana mwenye ualbino. Mama yake aliomba akae hemani pamoja na wazee wa kanisa. Tukamjibu, "Mama, leo hakuna jua." Jioni shingo na masikio ya mtoto yalikuwa mekundu kana kwamba amemwagiwa maji moto.

Tulikosa kwa kutojua. Kinachochoma ngozi si joto la jua bali miale yake isiyoonekana, nayo hupenya mawingu. Nairobi iko karibu na Ikweta, tena juu sana, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako miale huwa na nguvu zaidi. Basi baridi ya Julai hutudanganya.

Wengi wetu tumepewa kinga ndani ya ngozi, ile rangi iitwayo melanini. Mwenye ualbino hana, au anayo kidogo mno. Hali hiyo ameirithi kwa baba na mama wote wawili. Si laana, wala mama hakuzini, na baba anayemkimbia mkewe kwa neno hilo anamsingizia. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwapata wenye ualbino 9,729 katika Kenya. Kuungua kwa kila siku hujilimbikiza, na wengine hupata saratani ya ngozi wangali vijana.

Sasa tazama maisha yetu. Nyumba ya mabati ina joto, kwa hiyo mtoto hushinda nje. Maji yakija mchana, ndiye anayetumwa kupanga foleni na mtungi. Huko Kawangware mama auzaye mboga kando ya barabara hukaa naye hapo kutwa. Mbona dada yake asitumwe majini, yeye akabaki ndani kuosha vyombo? Kofia yenye ukingo mpana hupatikana katika mitumba ya Soko la Toi, na shati zito la mikono mirefu pia. Kepi haitoshi, maana huacha masikio na shingo wazi. Vaseline nayo hulainisha ngozi tu. Mafuta yenyewe ya kukinga jua hutolewa bure na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kupitia hospitali za serikali, kwa waliojiandikisha. Yapakwe kabla ya kutoka, na tena kila baada ya saa mbili, bila kusahau masikio na midomo. Chupa ikiisha kabla ya nyingine kufika, kofia bado ipo.

Kidonda cha usoni au mdomoni kisichopona kwa mwezi mmoja kisingojewe. Kikikatwa kingali kidogo, mara nyingi mtu hupona kabisa. Tusimwombee mgonjwa nyumbani hata kidonda kimle sikio; tumwombee tukiwa njiani kwenda hospitali.

Nasi wenye ngozi nyeusi tusijivune. Saratani yetu ya ngozi mara nyingi haitokani na jua. Hujificha kwenye unyayo, chini ya ukucha, au katika kovu la zamani la moto, kama lile la stovu ya mafuta taa, lililogeuka donda. Mwimbaji Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ugonjwa wake ulianzia kwenye kidole cha mguu.

Yule msichana angali anaimba nasi. Mama yake hana haja ya kutuomba tena, kwani hema limehamishiwa upande wa watoto. Mzee mmoja amelalamika.