Majarida ya kamera na kompyuta yalivyohama karatasi

MAJARIDA ya Marekani yanayowahudumia wapenzi wa kompyuta, kamera na sayansi yamekuwa yakiacha karatasi na kuhamia kwenye intaneti, hatua iliyopunguza gharama lakini haikuyahakikishia uhai.

PC Magazine, lililoanzishwa mwaka 1982, lilichapa toleo lake la mwisho la karatasi Januari 2009 na kubaki mtandaoni. Popular Photography, la tangu mwaka 1937, lilifungwa mwaka 2017, kisha likarejea mwishoni mwa 2021 likiwa tovuti pekee.

Sababu kuu ni matangazo ya biashara. Watangazaji walipohamishia fedha zao kwenye intaneti, bei anayolipa msomaji haikutosha kugharimia karatasi, uchapaji na posta. Msomaji naye alianza kupata habari za kamera mpya siku ile ile inapotangazwa, bila kusubiri toleo la mwezi ujao.

Hata hivyo, yaliyoipata Popular Science ni fundisho. Jarida hilo lililoanza mwaka 1872 liliacha karatasi mwaka 2021, na mwaka 2023 hata toleo lake la kidijitali likasitishwa, ikabaki tovuti.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Nakala ya karatasi hubaki kwenye rafu ya msomaji hata mchapishaji anapofunga ofisi. Anayelipia kusoma mtandaoni, mara nyingi hununua ruhusa tu. Huduma ikikoma, hubaki mikono mitupu, isipokuwa awe amehifadhi nakala yake mapema pale inaporuhusiwa.